Kabla ya kumwita babu mvivu, chukua kadi ya maktaba

Kitambulisho cha nyanya yangu kinasema alizaliwa Januari mosi. Cha dada yake pia, Januari mosi. Ukiuliza imekuwaje, unaambiwa karani alichoka kusikia "nilizaliwa mwaka wa nzige" akaamua kuandika alichotaka. Najua hata kwenu kuna hadithi kama hii, na mnaicheka.

Kwetu kulikuwa na nyingine, na hiyo haikunichekesha. Tukikutana Krismasi kule Machakos, lazima ami mmoja akumbushe watu kwamba marehemu babu alifukuzwa kazi bandarini Mombasa kwa uvivu. Ndiyo sababu, ati, hatuna hata ploti moja Pwani kama majirani fulani. Mtoto akilala hadi saa nne asubuhi anaambiwa amerithi damu ya babu. Sasa, mimi ndiye niliyepewa jina lake. Unaelewa mbona nilitaka kujua ukweli.

Susu, yaani nyanya, hakuwahi kubishana na wanawe. Lakini siku moja tukichambua maharagwe aliniambia babu alimsimulia jinsi alivyokaa karibu wiki mbili bila kazi wala chakula cha maana, wakikusanyika kila siku mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Mimi nilidhani ni mtaa wa mabanda. Nilimuuliza ni mwaka gani. Akasema ni muda mfupi baada ya vita vya Hitler, babu akarudi nyumbani kabla ya mvua za masika.

Hizo ndizo habari nilizoingia nazo maktaba: mji, bandari, vita vimeisha, masika bado. Hakuna jina, hakuna tarehe.

Tuseme ukweli hapa. Wengi wetu maktaba tunaijua kama mahali pa kusomea mtihani. Unaingia na notisi zako, unatafuta kiti karibu na soketi ya kuchajia simu, unatoka na notisi zako. Vitabu vilivyo pale ni kama mapambo ya ukuta. Mimi nilikuwa hivyo miaka yote minne ya chuo. Sikujua kwamba kadi ileile inayokupa kiti inaweza kukuruhusu kumuuliza mkutubi magazeti ya mwaka babu yako alipokuwa na umri kama wako.

Basi niliuliza. Nikaletewa mabuku mazito ya East African Standard, gazeti lililoanzia Mombasa mwaka 1902 kwa mkono wa mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, kisha likawa sauti ya walowezi. Karatasi zimegeuka rangi ya chai. Unafungua taratibu la sivyo kipande kinabaki mkononi. Nilianza na Septemba 1945 na kwa siku mbili sikupata kitu isipokuwa matangazo ya wiski na matokeo ya mbio za farasi. Nilikaribia kukata tamaa, nisikudanganye.

Siku ya tatu nikafika Januari 1947. Jumatatu tarehe 13, Mombasa ilisimama. Mgomo mkuu: wachukuzi wa bandarini, watu wa reli, hata wapishi na watumishi wa nyumbani, wafanyakazi wapatao 15,000. Walitaka mshahara wa kuwatosha katika mji ambao bei ya kila kitu ilikuwa imepanda wakati wa vita. Mgomo ulikaribia wiki mbili. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alilazimika kushuka Mombasa kuwasihi warudi kazini, na baadaye jaji mmoja, Thacker, akapewa kazi ya kuamua malipo yao. Ndiyo, ni yuleyule aliyekuja kumfunga Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1953. Kiongozi wa wafanyakazi hao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Baringo.

Kisha nikachukua kitabu cha historia ya bandari, na humo nikakuta jina la uwanja ambapo wagomaji walikuwa wakifanya mikutano yao kila siku. Kiwanja cha Maskini. Nilisoma mara tatu. Kumbe haikuwa mtaa. Ni uwanja ambao wagomaji wenyewe waliupa jina.

Jina la babu halimo popote, na nisingetarajia limo. Hapa ndipo wengi mtakwama mkienda na matarajio ya sinema. Gazeti la walowezi lilimtaja mzungu kwa jina, cheo na klabu yake. Mwafrika alikuwa idadi tu. Kwa hivyo usianze na jina la babu yako. Anza na mahali na msimu, kisha jina ulitafute kwingine. Gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanza mwaka 1939 chini ya mhariri Francis Khamisi, lilichapisha barua za wasomaji, na humo watu wetu walijiandika wenyewe. Tazama pia Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo matoleo yake ya zamani yako kwenye intaneti bure. Huko kuna ilani za mirathi, na ukipata jina la ukoo wako hapo unaweza kugundua mambo ambayo hukuambiwa mazishini. Ukitafuta, jaribu kila tahajia. Karani aliyeshindwa na tarehe ya kuzaliwa ya nyanya yako alishindwa pia na jina lake.

Kama una binamu London au Chicago, msumbue. Maktaba nyingi za umma huko zinamfungulia mwanachama hazina kubwa za magazeti ya zamani, yaliyopigwa picha na yanayotafutika kwa neno moja tu. Sisi bado tunafunua ukurasa baada ya ukurasa, na hili linaniudhi. Kaunti inayoweza kulipia mabango ya gavana kila mzunguko wa barabara inaweza kulipia mashine ya kuskani magazeti kabla hayajawa vumbi. Lakini nani atapigania magazeti yasiyoulizwa na mtu? Mkutubi aliyenihudumia aliniambia wengi wanaoyaitisha ni watafiti kutoka ng'ambo. Wao wanajua habari za babu zetu, sisi tunajua za wachezaji wa Arsenal.

Kuna jambo jingine linalonikereketa. Maktaba ya McMillan pale katikati ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ya wazungu pekee. Mwaka ule babu akiwa Kiwanja cha Maskini, hata kama angekuwa na nauli ya gari la moshi hadi Nairobi, asingeruhusiwa kupita mlangoni kusoma kilichoandikwa kumhusu. Wewe unapita nje kila siku ukikimbilia matatu.

Sina ushahidi kwamba babu hakuwa mvivu, na ami yangu alinikumbusha hivyo nilipomwonyesha picha za kurasa kwenye simu. Pengine alifukuzwa kwa sababu nyingine kabisa. Lakini alisoma zote, akiwa amevaa miwani, akinyamaza, na Krismasi iliyopita ile hadithi ya damu ya uvivu haikusimuliwa.

Susu nilimsomea nikimtafsiria kwa Kikamba. Hakushangazwa na mgomo, alikuwa anaujua. Kilichomshtua ni ile 15,000. Babu hakuwahi kumwambia walikuwa wengi hivyo. Akakaa kimya kidogo, kisha akaanza kunieleza kuhusu rafiki wa babu, mtu wa Kitui, aliyebaki Mombasa akaja kufa melini miaka michache baadaye, meli ikiwa na saruji. Hilo nalo sikuwahi kulisikia.

Amekaribia miaka 95. Jumamosi narudi maktaba kutafuta hiyo meli.