Baada ya Serengeti Boys: Soka la ridhaa la watu wazima latafuta nafasi yake nchini Tanzania

Wakati Tanzania, Kenya na Uganda zikijiandaa kuwa wenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, habari za soka katika ukanda huu zimetawaliwa na viwanja vipya. Tanzania ilichagua Arusha kuwa mahali pa uwanja wake mpya, Kenya ikaanza ujenzi wa uwanja wa Talanta jijini Nairobi wenye nafasi za watazamaji 60,000, nayo Uganda ikapeleka uwanja wake Hoima, magharibi mwa nchi. Mwezi Agosti 2025 mataifa hayo matatu yaliandaa fainali za CHAN, mashindano ya wachezaji wanaosakata kandanda katika ligi za nyumbani, na yote matatu yakafika robo fainali.

Hata hivyo, lipo swali ambalo viwanja hivyo havilijibu. Kila mwaka maelfu ya vijana hucheza mashindano ya shule na ya umri, kisha umri huo huwapita. Aliyepata mkataba huendelea na safari. Aliyekosa, ambaye ndiye wa wengi, aende wapi na mpira wake? Nchini Tanzania swali hilo linagusa afya ya jamii, ardhi ya miji na hata haki ya klabu ndogo kufaidika na jasho lake.

Ngazi inayokatika katikati

Kwa mtoto wa Kitanzania, ngazi ya mwanzo iko wazi. Shule za msingi zina UMITASHUMTA, na za sekondari zina UMISSETA. Timu hupambana kuanzia shuleni, zikapanda wilayani na mkoani hadi ngazi ya taifa. Juu ya hapo zipo timu za taifa za vijana: Serengeti Boys kwa walio chini ya miaka 17, na Ngorongoro Heroes kwa walio chini ya miaka 20.

Ngazi hiyo imewahi kuzaa matunda. Mwaka 2017, katika fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Gabon, Serengeti Boys walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola, kisha wakatolewa baada ya kufungwa na Niger bao 1-0. Miaka miwili baadaye Tanzania iliandaa fainali hizo jijini Dar es Salaam. Wenyeji walipoteza michezo yote mitatu ya kundi lao, lakini mshambuliaji Kelvin John alionekana na baadaye akajiunga na Genk ya Ubelgiji.

Jina la Kelvin John hutajwa mara kwa mara kama ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi. Lakini hesabu nyepesi inaonyesha ufinyu wa mlango wenyewe. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina klabu 16. Hata kila klabu ikisajili wachezaji 30, nafasi zote hazifiki 500, na kanuni za miaka ya karibuni zimeruhusu kila klabu kuwa na wageni hadi 12. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini humo. Kwa hiyo kijana anayeikosa Ligi Kuu hajashindwa kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Amekuta nafasi zimekwisha.

Chini ya Ligi Kuu yapo madaraja mengine: Championship, First League, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha ligi za mikoa na wilaya. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo msimu unavyokuwa mfupi na ratiba isivyotabirika. Timu inaweza kucheza miezi michache, ikatolewa, na wachezaji wake wakakaa muda mrefu bila mchezo wowote wa mashindano.

Ridhaa ina maana gani

Kwa mujibu wa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu, anayepata malipo yanayozidi gharama anazoingia kwa ajili ya kucheza. Wengine wote ni wa ridhaa. Neno hilo la Kiswahili limebeba uzito wake: ni mtu anayecheza kwa hiari, kwa sababu ameamua.

Shida ni kwamba katika lugha ya mitaani hiari hiyo hutafsiriwa kuwa kushindwa. Kijana wa miaka 22 aliyewahi kuvaa jezi ya mkoa katika UMISSETA huambiwa aache mchezo na atafute kazi, kana kwamba haviwezi kwenda pamoja. Wengi huacha. Wengine husubiri majaribio ya klabu kubwa mwaka hadi mwaka, bila kujifunza ufundi mwingine. Njia ya tatu, ya kufanya kazi siku za wiki na kucheza soka la mashindano jioni na mwishoni mwa wiki, haijajengewa misingi imara.

Pale serikali na vyombo vya michezo vilipoacha pengo, mitaa imejaza. Dar es Salaam ina utamaduni mkubwa wa ndondo, yaani mashindano ya mtaani yanayochezwa kwenye viwanja vya vumbi, kuanzia kombe la mbuzi hadi mashindano makubwa kama Ndondo Cup, ambayo hujaza watu kando ya uwanja na kutangazwa na vyombo vya habari. Fundi magari, dereva wa bodaboda na mwalimu hukutana katika kikosi kimoja na aliyekuwa nyota wa shule. Waliovuka ujana nao wana timu zao za maveterani na mabonanza ya Jumamosi na Jumapili. Hakuna anayewalipa, mara nyingi wao ndio huchanga fedha za mpira, jezi na nauli.

Lakini ndondo ina mipaka yake. Timu kubwa za mtaa hukodi mamluki, wachezaji waliosajiliwa na klabu za ligi, hivyo kijana wa mtaa anaweza kujikuta benchi katika timu ya nyumbani kwao. Anayevunjika mguu kwa kawaida hutibiwa kwa mchango wa wenzake. Tena mashindano haya hutegemea mdhamini: akijitoa, kombe nalo linaweza kutoweka.

Fedha zinazopotea kwa kukosa karatasi

Lipo pia suala la haki. Kanuni za FIFA zinaelekeza kwamba mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Tangu mwaka 2022 FIFA imekuwa na chombo maalumu cha kusimamia malipo ya aina hiyo. Klabu ya ridhaa nayo inaweza kulipwa, mradi iwe imesajiliwa na mchezaji awe ameandikwa kwa jina lake.

Hapo ndipo timu nyingi za mchangani zinapokwama. Kocha wa mtaa anaweza kumlea mtoto kwa miaka sita bila kuwa na karatasi moja ya kuthibitisha. Kwa klabu inayoishi kwa michango, mgawo mmoja tu kutoka Ulaya ungeweza kulipia jezi, dawa na nauli za misimu mingi. Kurahisisha usajili wa timu za chini, na kuweka rekodi za wachezaji wake, ni jambo la fedha sawa na lilivyo la nidhamu.

Wasichana wabeba mzigo mzito zaidi

Pengo hili linaonekana wazi zaidi kwa wasichana. Mwezi Oktoba 2022 nchini India, Serengeti Girls walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kushiriki fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, na wakafika robo fainali kabla ya kutolewa na Colombia.

Hata hivyo, Ligi Kuu ya Wanawake ina timu chache kuliko ya wanaume, na ndondo kwa sehemu kubwa ni ya wanaume. Msichana anayemaliza kidato cha nne bila kuchukuliwa na klabu hukosa hata kombe la mbuzi. Mvulana wa umri wake walau anaweza kujiunga na timu ya mtaa jioni ile ile.

Uwanja wa mtaa ndio msingi

Yote haya hurudi kwenye ardhi. Soka la ridhaa halihitaji viti 60,000. Linahitaji uwanja tambarare ulio karibu, wenye hati inayojulikana, na ikiwezekana taa, kwa sababu mtu mzima hutoka kazini jua likiwa linazama. Katika miji inayokua kwa kasi maeneo ya wazi huliwa na majengo, maduka na maegesho. Yanayobaki mara nyingi ni yale ambayo hakuna anayeyataka, kama sehemu za Jangwani katika bonde la mto Msimbazi, ambako mvua kubwa hugeuza uwanja kuwa bwawa.

Nairobi inatoa mfano wa njia nyingine. Tangu mwaka 1987, shirika la MYSA katika eneo la Mathare limeunganisha soka na usafi wa mazingira, na timu hupata pointi kwa kushiriki kazi za jamii. Waliokulia humo walipata nafasi ya kuwa makocha, waamuzi na viongozi. Timu ya Mathare United iliyozaliwa mwaka 1994 kutokana na mpango huo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Pia mjini humo, mashindano ya Koth Biro, jina la Kijaluo lenye maana ya mvua inakuja, yamewaweka pamoja wachezaji wa ligi na wa mitaani kwa miongo kadhaa.

Rwanda nayo inalijua swali hili. Mwezi Januari 2011 vijana wake wa chini ya miaka 17 walifika fainali ya Afrika jijini Kigali, wakafungwa na Burkina Faso 2-1, kisha wakashiriki Kombe la Dunia nchini Mexico. Ili wasitawanyike, kikosi hicho kilifanywa msingi wa Isonga FC, iliyoingizwa katika ligi ya daraja la kwanza. Lilikuwa daraja la makusudi kati ya ujana na utu uzima, ingawa lilijengwa kwa ajili ya wachache waliokwisha kuteuliwa. Wenzao waliobaki mitaani hawakuwa na Isonga yao.

Fainali za 2027 zitadumu kwa wiki chache. Urithi wake kwa Tanzania na majirani wenzake unaweza kupimwa kwa mambo madogo: halmashauri ngapi zitakuwa zimepima viwanja vya mitaa na kuvipatia hati, ligi ngapi za wilaya zitakuwa na msimu kamili kwa wanaume na wanawake, na timu ngapi za ridhaa zitakuwa na sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia. Hayo yakifanyika, kijana atakayekosa mkataba akiwa na miaka 20 bado atakuwa na jezi, ratiba na wenzake wa kumpasia mpira jioni baada ya kazi.