MCHANGA WA KWALE SI WA RANGI TU

 

Muulize mtu yeyote hapa Kwale titani ni ya kazi gani, atakwambia ni ya rangi ya nyumba. Ni kweli, nyingi huishia huko. Lakini iko kazi nyingine, nayo ndiyo inayoniuma.

Chukueni mafuta ya kupikia. Yakiwa maji hutiwa haidrojeni mpaka yagande, yawe ya kopo. Kichocheo ni nikeli, chembe ndogo ndogo. Sasa, ndani ya kila chembe atomi nyingi zimefunikwa na wenzake, zimekaa bure tu! Kwa nikeli si neno. Kwa paladiamu, ambayo bei yake haisemeki, ni hasara. Ndipo wanakemia wakauliza: mbona kila atomi isikae peke yake, ifanye kazi?

Taabu ni kwamba atomi pekee haitulii. Ikipata joto hutembea, hukutana na nyingine, zikashikana, basi tumerudi pale pale. Yataka kiti cha kuishika, lakini kisiikabe hata haidrojeni ikakosa pa kujishikiza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Xiamen, Uchina, waliketisha atomi za paladiamu juu ya oksaidi ya titani. Walikitumia kichocheo hicho mara 20 katika kazi ya haidrojeni, nacho hakikuchoka. Titani, jamani!

Sisemi mchanga wetu ndio uliofika Xiamen. Nasema watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa, meli zikapakia madini ghafi Likoni tangu 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Sisi tumebaki na hadithi ya rangi.

Wako watakaosema, ati, atomi moja moja ni mambo ya wakubwa, sisi tutake visima na barabara. Visima navitaka pia; nani asiyetaka maji? Lakini Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii asilimia 10. Kwani yote yaishie kwenye saruji?

Na Mrima bado una niobi na madini adimu, wengi wanayamezea mate. Kabla tingatinga halijapanda huko, mkataba useme wazi ni vijana wangapi wa Kwale watasomeshwa kemia ya madini hayo, na maabara itajengwa wapi. Mimi napendekeza Msambweni.