Sauti tunazo, waalimu ndio hatuna: kuimba nako ni kazi

Kila siku ya Mungu, ukipanda Kadutu hapa Bukavu tangu saa mbili ya asubuhi, unasikia korali mbele ya kuona kanisa. Watoto wanajua tenori na besi mbele ya kujua hesabu ya kugawanya. Mgeni akifika anashangaa: hawa watu walisoma wapi kuimba hivi? Tunacheka, tunamjibu: ni Mungu tu.

Mimi jibu hilo siliweza tena tangu yaliyompata mdogo wangu.

Aliimba sauti ya kwanza katika korali moja ya mji huu kwa miaka tisa. Ndiye walimpa solo ya Noeli, solo ya Pasaka, solo ya kila ndoa na kila kilio. Alipofikisha miaka 24, sauti ikaanza kukatika. Asubuhi aliongea kama mwanaume mzee. Wakampa asali na tangawizi. Wakampa yai bichi. Mtu mmoja akasema kuna mwenzake wa korali anamwonea wivu, basi wakamwombea. Siku ya Mungu iliyofuata wakampa tena mikro.

Daktari wa koo ndiye alimwambia ukweli, na wakati huo alikuwa amechelewa: vinundu vilikuwa vimeota kwenye nyuzi za sauti, juu ya miaka ya kushindana na bafle na ngoma. Anyamaze, kiisha ajifunze upya kupumua na kutoa sauti. Ajifunze kwa nani? Tulizunguka mji. Kiongozi mmoja mzee, aliyesoma muziki seminarini, ndiye alikubali kumsaidia. Leo mdogo wangu anaimba alto, kidogo kidogo. Sauti ya kwanza haikurudi.

Ndugu msomaji, tumezoea kuita sauti kipaji cha Mungu. Ni kweli. Lakini neno hilo zuri limetuumiza, maana kitu tunachokiona ni cha bure hatukifundishi na hatukilipi. Nilipotaka kuelewa kilichompata mdogo wangu, nilianza kufuatilia watu ambao kwao kuimba ni kazi kamili kama udaktari ao ualimu. Nikaanzia kwa waimbaji wa opera.

Opera ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake karibu yote yanaimbwa, na orkestra inapiga chini ya jukwaa. Mwimbaji hana mikro. Katika Metropolitan Opera ya New York, ukumbi wenye viti karibu 3,800, mtu mmoja anapaswa kusikika mpaka kiti cha mwisho juu ya vyombo sitini ao zaidi. Nguvu hiyo haitoki kooni. Inatoka kwa pumzi inayosimamiwa na mbavu na tumbo, na kwa namna ya kufungua koo na kinywa ili sauti ilie yenyewe kama kengele. Mwenye kukaza shingo hamalizi mwaka wa pili katika kazi hiyo. Kile kilichomwangusha mdogo wangu ndicho somo la kwanza la mwanafunzi wa opera.

Na masomo yenyewe ni marefu. Miaka mitatu ao minne ya chuo, miwili ya kuongeza, kiisha mwaka mmoja ao miwili ya kujizoeza ndani ya nyumba ya opera. Mwanafunzi anasoma solfeji, piano, uigizaji, na lugha: Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa. Sauti nzito zinakomaa tu mtu akikaribia ao akipita miaka thelathini. Huku kwetu, mtu wa umri huo tunamwambia aachie vijana nafasi.

Tusiseme hayo ni ya Wazungu peke yao. Tuangalie Afrika Kusini. Pretty Yende alizaliwa mwaka 1985 katika mji mdogo wa Piet Retief, akaanza kuimba kanisani na nyumbani kama watoto wetu. Alipokuwa na miaka 16 alisikia kwenye televizheni tangazo la kampuni ya ndege, lenye wimbo wa wanawake wawili kutoka opera ya Kifaransa Lakmé. Kesho yake akamwuliza mwalimu wake shuleni: kile ni kitu gani? Mwalimu akamjibu kwamba ni opera, na kwamba ni kitu ambacho binadamu anaweza kukifanya. Yende alikuwa anafikiria kusoma uhasibu. Akaenda kusoma sauti katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa mwalimu Virginia Davids, kiisha katika akademi ya La Scala kule Milan. Mwaka 2011 alishinda shindano kubwa la Operalia. Mwezi wa kwanza 2013 aliimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera. Akajikwaa akaanguka mbele ya watu wote, akasimama, akaendelea kuimba. Mwaka 2023 aliimba London siku ya kutawazwa kwa Mfalme Charles III.

Kati ya lile tangazo na jukwaa la New York kuna miaka karibu 11. Wengi wanasimulia habari hii kama muujiza. Mimi naona ngazi. Shuleni palikuwa mwalimu anayejua jina la kitu alichosikia mtoto. Katika inchi yake palikuwa chuo kinachofundisha kitu hicho. Palikuwa pia mashindano ya korali ambamo vipande vya opera viko kati ya nyimbo za kushindania, hivi mtoto wa kijijini anakutana navyo mapema. Hayuko peke yake: Levy Sekgapane, mwenye sauti ya tenori, naye alipita Cape Town, naye akashinda Operalia, mwaka 2017.

Ngazi hiyo haikuwa wazi kwa watu wote tangu zamani. Wakati wa apartheid, kundi la Eoan la Cape Town, la watu ambao serikali iliwaita machotara, lilicheza opera nzima, La traviata, mwaka 1956. Kati ya waimbaji walikuwa wafanyakazi wa viwanda na washonaji, wanaofanya mazoezi usiku kiisha kazi. Mmoja wao, Joseph Gabriels, alipata njia ya kwenda Italia kusoma, na mwaka 1971 akasimama Metropolitan Opera. Wenzake wengi wenye sauti nzuri walibaki na sauti zao viwandani. Mungu aliwapa wote. Mlango ndio ulifunguliwa kwa mmoja.

Sasa turudi kwetu. Congo si mgeni katika mambo haya. Mwaka 1958, kule Kamina, korali ya watoto na waalimu ilianza kuimba Missa Luba, na mwaka huohuo korali hiyo ikazunguka Ulaya. Katanga ilikuwa na Joseph Kiwele, mtunzi wa Missa Katanga. Mwaka 1994, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha Orkestra Simfoniki ya Wakimbanguisti kule Kinshasa. Walikuwa wanabadilishana vyombo maana havikutosha, na leo orkestra na korali yake wamepiga hata Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Serge Kakudji, kijana aliyekulia Katanga na kuimba kanisani, ni kontratenori, yaani mwanaume anayeimba juu kabisa. Mwaka 2008 alikuwa jukwaani Ulaya katika Pitié!, na mwaka 2014 katika Coup Fatal, pamoja na wapiga muziki wa Kinshasa. Patrick Kabongo, tenori wa asili ya Kinshasa, alisoma Brussels na anaimba opera za Rossini.

Hao tunajivunia. Lakini tuangalie vizuri: ili waimbaji hao wawe mafundi wa kweli, ilibidi Ulaya iwape mwalimu na jukwaa. Taasisi ya Taifa ya Sanaa, INA, iko Kinshasa. Mtoto wa Bukavu, Uvira ao Bunia hafiki Kinshasa kwa gari, na tiketi ya ndege inameza minervali ya mwaka mzima. Na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza 2025, hata mwenye pesa alianza kuzunguka inchi za jirani mbele ya kufika mji mkuu wa inchi yake.

Tuseme amefika, na chuo cha muziki cha Ujerumani kimemkubali. Vyuo vingi vya serikali kule havilipishi masomo. Lakini ili apate visa, ubalozi unataka aonyeshe pesa ya kuishi: mwaka 2025 zilikuwa euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, zikiwa zimewekwa benki. Ni mzazi gani wa Bagira anaweka hizo? Kwa hiyo tukisema "mwenye kipaji atafika tu", tunawadanganya watoto wetu.

Wala sitaki kuipamba kazi ya opera. Ni kazi ngumu hata kwa waliofika. Mwimbaji asiye na mkataba wa kudumu analipwa kwa kila usiku anaoimba. Akipata mafua siku hiyo, mara nyingi hapati kitu. Wakala wake anakata sehemu yake. Wakati wa korona, Metropolitan Opera ilifunga milango, na mwezi wa nne 2020 wanakorali na wapiga muziki wake waliachwa bila mshahara kwa miezi mingi. Hata hivyo walikuwa na sendika, walikuwa na mikataba, na waliweza kudai. Hilo ndilo ninalotaka tuone: aliyetambuliwa kuwa mfanyakazi anapata pa kusimama akidai haki yake. Mdogo wangu, kiisha miaka tisa, alikuwa na chupa za Fanta alizopewa kwenye ndoa za watu, na neno aksanti.

Najua maneno nitakayoambiwa. La kwanza: opera ni muziki wa kizungu, sisi tuna rumba. Rumba yenyewe ilivuka bahari mara mbili, ikaenda Cuba na mababu zetu waliouzwa, ikarudi kwa sahani za muziki. Tuliifanya yetu, na mwaka 2021 UNESCO ikaiandika kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tena mwenye pumzi iliyofundishwa anaimba rumba vizuri zaidi, na kwa miaka mingi zaidi. Opera nyingi kubwa, kama Carmen na Faust, ziliandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo watoto wetu wanafundishwa tangu shule ya msingi. Mkorea anaanza kwa kuisoma lugha hiyo herufi kwa herufi. Sisi tunayo kinywani, na hatujawahi kuihesabu kuwa mali.

Neno la pili ni zito zaidi: watu wanakimbia vita, nawe unaongea juu ya sauti? Nimeandika juu ya wakimbizi mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kila mahali nilipowakuta wamelala, shuleni ao kanisani, jioni ya pili ao ya tatu kulikuwa korali. Watu walioacha vyungu vyao njiani hawakuacha nyimbo. Kama hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho mtu wetu anabakiza mkononi, kwa nini tukiache bila mlinzi?

Siombi nyumba ya opera Bukavu. Naomba mambo yanayoweza kuanza bila waziri. Korali ya watu 40, kila mmoja akitoa franka 1,000 kwa juma, inapata franka 160,000 kwa mwezi. Korali tatu za komini moja zikiungana, zina mwalimu wa sauti wa kulipwa, siku mbili kwa juma. Ni pesa ndogo kuliko zile tunazotoa kwa kitenge cha sare kila sikukuu. Makanisa yana piano na yana jengo. Mashindano ya korali yapo tayari. Tuongeze tu kipengele cha mtu mmoja kuimba bila mikro, tuone nani anafika kiti cha nyuma. Congo ina waimbaji waliosomea sauti Ulaya. Viongozi wetu wa korali wawaandikie, waombe saa moja ya somo kwa simu kila juma, na wawalipe. Na serikali, siku itakapokumbuka utamaduni, ijue kwamba INA moja Kinshasa haitoshi inchi yenye ukubwa huu.

Na mbele ya hayo yote, tuanze na jambo dogo la heshima. Ukimwita mtu kuimba kwenye ndoa ya mtoto wako, mwulize bei yake kama unavyomwuliza mpishi na mpiga picha. Akikwambia koo linamwuma, usimpe mikro.

Juma lililopita nilimpata mdogo wangu amewakalisha wasichana wanne barazani kwetu. Hawakuwa wanaimba. Walikuwa wameweka mikono kwenye mbavu, wanapumua tu, naye anahesabu. Mmoja akamwuliza: yaya, tutaimba saa ngapi? Akajibu: mwezi ujao. Walicheka, lakini hakuna aliyeondoka.