PICHA ILIYOLAINISHWA

Tangu mashambulizi yaanze Mocímboa da Praia, jimboni Cabo Delgado, tarehe 5 Oktoba, 2017, picha za simu zimekuwa chombo cha kazi kwa askari kama zilivyo darubini na ramani. Mtu aweza kupigwa picha pwani ya Olumbi, wilayani Palma. Picha ikapita simu hadi simu, na kabla ya jua kutua ikawa mezani kwa ofisa anayetakiwa kuamua: huyu ni adui, au ni mvuvi?

Ofisa huyo hana budi kufahamu kwamba picha aliyoletewa siyo ile iliyopigwa. Ili ipite upesi, imebanwa. Katika utaratibu wa JPEG, uliopitishwa mwaka 1992, picha hukatwa vipande vya mraba, kila kimoja chenye nukta nane kwa nane, yaani 64. Kisha yale madogo madogo ambayo jicho huyakosa kwa urahisi hutupwa. Ikihifadhiwa na kutumwa upya, huweza kubanwa tena. Mwishowe miraba hujitokeza waziwazi, kingo za vitu huingia ukungu, na upondo alioubeba mvuvi begani hugeuka baka jeusi lisilo na umbo.

Wapo mafundi wa kulainisha mipaka ya miraba hiyo. Video za utaratibu wa H.264, wa mwaka 2003, zina chujio la namna hiyo ndani yake. Hatuna ugomvi nalo. Sisi tunaoandaa picha za gwaride twalitumia bila haya. Lakini kulainisha si kurudisha. Kilichotupwa hakipo tena.

Programu mpya, zilizofunzwa kwa picha nyingi, zina hatari zaidi, kwani hujaza pengo kwa kubuni. Mwezi Juni, 2020, programu iitwayo PULSE, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipewa picha hafifu ya Barack Obama, ikatoa sura safi kabisa ya mzungu. Ikiwa Rais mstaafu ajulikanaye dunia nzima alifanywa mtu mwingine, mvuvi wa Olumbi atajitetea kwa nani? Baka lile jeusi laweza kutoka humo likiwa mtutu wa bunduki, umenyooka na kung'aa.

Kwa hiyo twawataka makamanda na wakuu wa vituo vya polisi wadai picha ya asili kutoka katika simu iliyoipiga. Ikilazimu kutumwa kwa WhatsApp, itumwe kama waraka, si kama picha. Nakala iliyosafishwa iandikwe kuwa imesafishwa, na iwekwe pamoja na ya asili. Na ofisa asiyeona ila miraba aseme haoni, hata kama mkubwa wake ana haraka. Kisha doria ipelekwe pwani ikatazame.