Kalibre 12 ya mafundi wa kijiji: bunduki ya mboloko inayotisha pia watu

Mkaaji wa Simi-Simi, upande wa magharibi wa mji wa Kisangani, anajua namna nyama ya pori inavyoingia mjini. Inakuja kwa mitumbwi inayopandisha Mto Kongo, inakuja kwa pikipiki na kwa kinga za toleka kupitia barabara ya Yangambi. Mara nyingi ni mboloko, ule paa mdogo wa msituni wa kilo 4 mpaka 6, amekaushwa kwa moshi ao bado mbichi. Mnunuzi anauliza bei. Ni wachache wanaouliza mnyama aliuawa na silaha gani.

Kama hakunaswa na mtego, basi mara nyingi aliuawa na kalibre 12. Na kalibre 12 nyingi za msitu wa Tshopo hazikutoka kiwandani. Zimetengenezwa na fundi wa chuma wa kijiji, hazina namba, hazina cheti, na Leta haijui ziko ngapi.

Juu ya nini watu wanazitafuta?

Jibu la kwanza ni pesa. Bunduki ya kiwandani ina bei kali, na karatasi zake zinaomba safari za kwenda mjini, siku za kungoja na makuta mengine. Ile ya fundi inapatikana karibu, na ikiharibika fundi yuko palepale. Kwa jamaa inayoishi na shamba la muhogo na msitu, mboloko mmoja ni chakula cha nyumba, ao ni feza ya shule na dawa. Kumwambia baba wa jamaa ile aache kuwinda bila kumuonyesha kitu kingine cha kuishi, ni kumwambia alale na njaa.

Lakini bunduki ile ina hatari yake, na hatari inaanza kwa yule anayeishika. Baruti ikiwaka ndani ya kartushi, inasukuma pande zote, si mbele tu. Bunduki ya kiwandani inatengenezwa kwa chuma kilichochaguliwa kwa kazi ile. Kule Liège, Ubelgiji, mji wa mafundi wa bunduki, kuna nyumba ya kupima silaha tangu mwaka wa 1672: bunduki inapigishwa kartushi yenye nguvu kupita ya kawaida, na ikishinda inapigwa muhuri. Bunduki ya kijiji haipitii kipimo hicho. Chuma chake kilifanyiwa kazi nyingine. Inaweza kupiga miezi mingi bila shida, halafu siku moja ikapasuka mkononi. Mwindaji anapoteza vidole ao macho, na kwenda hospitali anaogopa juu ataulizwa silaha ilitoka wapi.

Sheria inasema nini?

Sheria hazikosi. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inapanga mambo ya uwindaji: mtu anawinda akiwa na ruhusa, wanyama wengine kama okapi wanalindwa kabisa, na silaha za kivita zimekatazwa. Sheria ile inajua hata mtu wa kijiji, kwani kati ya ruhusa zake kuna ile ya uwindaji wa vijijini. Nayo sheria namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985 inahusu silaha na risasi: kutengeneza, kuuza ao kuweka silaha nyumbani kunaomba kibali.

Kwa hiyo, mbele ya sheria, fundi asiye na kibali yuko na kosa, na mwindaji asiye na karatasi yuko na kosa pia. Lakini sheria inayogusa karibu kila mtu wa kijiji bila kumfungulia njia ya kujipanga inazaa kujificha. Fundi anafanya kazi gizani, mwindaji anaficha bunduki chini ya nyasi za nyumba. Na kitu kilichofichwa hakihesabiwi.

Kutoka mboloko mpaka mtu

Hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Mwaka wa 2023, mzozo wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola ulilipuka ngambo ya kushoto ya mto, upande wa Lubunga na teritware ya Ubundu. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jamaa nyingi zilikimbilia Kisangani. Kati ya silaha zilizotajwa mule kulikuwa mishale, mapanga, na kalibre 12. Haikuwa silaha mpya iliyotoka mbali. Ni ile ya mboloko, iliyogeuzwa kumuelekea jirani.

Kisangani haiko mji wa kufundishwa juu ya bunduki. Uwanja wa ndege wa Simi-Simi ulishukiwa na askari wa Ubelgiji wa parashuti tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1964. Mwezi wa sita mwaka wa 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya wakaaji. Mji wenye kumbukumbu kama hiyo hauwezi kusema kwamba silaha za vijiji vya jirani haziuhusu.

Wengine wanaanzia wapi?

Kule Marekani, majimbo ya Ohio na Michigan yana uwanda mpana na nyumba nyingi karibu na mashamba. Kwa miaka mingi, raifo zilikatazwa kwa kuwinda paa katika sehemu kama zile, kwa kuogopa risasi ifike mbali na kumpata mtu. Mwaka wa 2014, majimbo yote mawili yalikubali raifo zinazotumia kartushi yenye ukuta ulionyooka, isiyobanwa shingoni, juu risasi zake kwa kawaida hazisafiri mbali kama zile za kartushi zenye shingo. Wawindaji wengine wanajiungia raifo hizo wenyewe, lakini kwa mtutu uliotengenezwa kwa kipimo cha kartushi ile.

Hatuko Ohio. Lakini swali lao lina faida kwetu: kartushi gani, na inafika wapi? Hapa kwetu mazungumzo yanaishia kwa bunduki, na kartushi inasahauliwa. Fundi wa kijiji anaweza kutengeneza bunduki, lakini kartushi za kiwandani anazinunua. Zinatoka mbali, nyingine kwenye kiwanda cha Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, na zinapita bandarini, sokoni, dukani. Kartushi ina njia, na njia inaweza kuchungwa. Bunduki bila kartushi ni chuma tu.

Njia ya pili ni kujua mafundi. Mkataba wa Kinshasa wa tarehe 30 mwezi wa nne 2010, juu ya silaha ndogo-ndogo katika Afrika ya Kati, ulianza kutumika tarehe 8 mwezi wa tatu 2017, na ndani yake kuna mambo ya kutia alama silaha na kujua wanaozitengeneza. Fundi aliyeandikwa anaweza kuulizwa, kufundishwa, hata kupewa kazi nyingine ya chuma: majembe, mashine za kusaga muhogo, milango. Fundi anayewindwa kama mnyama atahamia ndani zaidi ya msitu, na mkono wake utaendelea kufanya kazi ileile.

Kukamata bunduki mbili tatu kwenye kizuizi na kuzionyesha mbele ya kamera haikatai, lakini haitoshi. Kazi kubwa iko kwa wakubwa wa vijiji, mazingira, polisi na wauzaji: kukaa pamoja na kuhesabu. Ngambo ya kushoto, jamaa zinazotaka kurudi kwenye mashamba yao zinangoja hesabu hiyo kuliko sisi wote, juu wao wanajua tayari kwamba bunduki ya mboloko haichagui nani yuko mbele yake.