Kinywe na Vanadiamu: Mizani ya Mchuuzi Haifai

Wapo wataalamu wa mezani ambao, kila utajiri wa ardhi ya Tanzania utajwapo, hukimbilia orodha ya bei za masoko ya nje. Huuliza: kati ya vanadiamu ya Liganga na kinywe cha Mahenge na Ruangwa, kipi chenye thamani zaidi? Kisha hujijibu wenyewe kwamba vanadiamu ndiyo mali, na kinywe ni masizi ya kutengenezea penseli. Hoja hii imevaa joho la sayansi, lakini ni hoja ya mchuuzi, tena ya hatari kwa taifa.

Ni kweli kwamba tani moja ya oksidi ya vanadiamu huuzwa kwa bei ipitayo mara nyingi ile ya tani ya kinywe kilichochenjuliwa. Lakini tani hiyo haichimbwi ikiwa tayari. Katika mwamba wa Liganga, wilayani Ludewa, vanadiamu imo kwa kiasi kidogo, tena imefungamana na chuma na titaniamu. Kuitenga kwahitaji tanuru, na tanuru lahitaji makaa, umeme na njia za usafiri. Kinywe husagwa, hutengwa kwa maji na dawa, hukaushwa, kikawa tayari kwa soko. Kulinganisha bei za tani hizo mbili bila kuhesabu gharama ni sawa na kulinganisha bei ya shati na bei ya pamba.

Isitoshe, bei si nguzo ya kuegemea. Mwishoni mwa mwaka 2018, ratili moja ya oksidi ya vanadiamu ilipita dola 25. Kabla ya mwaka 2019 kwisha, ilikuwa imeshuka chini ya dola 10. Sehemu kubwa ya vanadiamu duniani huimarisha chuma cha pua, na China ikibadili tu kanuni zake za nondo, soko zima hutikisika. Kinywe nacho hakina kinga: mgodi uliofunguliwa Merelani katika miaka ya 1990 ulifungwa baada ya miaka michache.

Swali la haki, basi, si madini gani ni ghali, bali nani anayamiliki hadi hatua ya mwisho. Kinywe hicho kinachobezwa ndicho kijazacho upande mmoja wa betri za magari ya umeme. China husafisha zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha kazi hiyo, na tangu tarehe 1 Desemba 2023 hakitoki nje bila kibali chake. Mwenye kinu ndiye mwenye kauli. Mwenye shimo hungoja kuitwa.

Huko Liganga hatari ni kubwa zaidi. Mkataba ulitiwa saini mwaka 2011, na zaidi ya miaka kumi ikapita bila tanuru kuwashwa. Lakini kuchelewa si kosa baya kuliko yote. Kosa baya litakuwa kuuza mwamba huo kwa hesabu ya chuma peke yake, mnunuzi akapata vanadiamu na titaniamu kama nyongeza ya bure.

Sheria za mwaka 2017 ziliipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, zikakataza kupeleka mali ghafi nje ili ikachenjuliwe huko. Sheria hizo si pambo la kabati. Mtumishi anayeandaa mkataba ahakikishe kila madini yaliyomo katika mwamba yanapimwa, yanaandikwa na kulipiwa. Mwalimu wa kemia naye, ashikapo penseli darasani, awaeleze vijana kwamba kilichomo ndani yake ni kazi yao ya kesho, wala si masizi.

Wahenga walikwisha kuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la taifa lisiandikwe na mnunuzi.