Barua ya Utambulisho ya Kwenda Kuonja Divai

Mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka ishirini ya ndoa. Watoto walishauri ukumbi, keki na mshereheshaji. Mama Neema alikataa. Alisema amechangia sherehe za watu wengine kwa miaka yote hiyo; sasa anataka siku mbili za kwake, Jumamosi na Jumapili, tuondoke Dar es Salaam sisi wawili tu, twende mahali kinywaji kinapotengenezwa, tuone kinavyotengenezwa, tukionje papo hapo, na Jumatatu turudi kazini. Nilimhakikishia kuwa kulipanga jambo hilo ni kazi ya jioni moja. Leo ni wiki ya tatu, na kilichotukwamisha si fedha wala muda.

Tulianza na Dodoma, kama ilivyo haki. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana, wakiihitaji divai ya misa, na tangu hapo ardhi ile kame imeonesha ukarimu ambao wengi hawakuutarajia. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa au Italia hawezi hata kuliota. Kuna kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora. (Hapa Mama Neema alichanganyikiwa, akidhani tutashukia kwenye kituo cha reli. Makutupora ya reli iko Manyoni, mkoani Singida. Makutupora ya zabibu iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Arusha. Atakayekata tiketi bila kuuliza atajikuta mbali na divai.) Kuna mashamba ya Hombolo, ambako mamia ya watumishi wa umma wanaosoma makala haya walikaa miezi kadhaa katika Chuo cha Serikali za Mitaa, wakafundishwa utawala bora, wakaondoka bila kuona shina moja la mzabibu. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Dodoma kwa chini ya saa nne, maana yake anayekwenda kuonja halazimiki kurudi akiwa ameshika usukani.

Basi nikapiga simu. Kiwanda cha kwanza kilinipokea kwa bashasha: "Karibu, mzee. Mnahitaji katoni ngapi?" Nikaeleza kuwa hatununui kwa jumla, tunataka kutembelea. Kimya. Kisha: "Kutembelea kufanya nini?" Cha pili hakikupokea simu kwa siku nne. Cha tatu kiliniunganisha na ofisa mmoja, kijana mwenye adabu, aliyenitaka nipeleke barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri wangu, ikieleza mimi ni nani, dhumuni la ziara na idadi ya washiriki. Nilimwambia washiriki ni wawili, mimi na mke wangu. Akauliza kama mke wangu naye ni mtafiti.

Simlaumu kijana yule. Aliyakuta mambo hivyo. Katika utaratibu wetu mwananchi huingia mahali pa uzalishaji kwa sura tatu tu: mfanyakazi, mkaguzi, au mwanafunzi aliye kwenye ziara ya mafunzo. Sura ya nne, ya mtu mzima aliyekuja na mwenzi wake kwa sababu amependa, akiwa na fedha yake halali mfukoni, haimo kwenye daftari la mlinzi getini. Hotuba za utalii wa ndani tumezisikia sana, lakini ukizisikiliza kwa makini utagundua kuwa mtalii wa ndani naye hupelekwa kutazama wanyama, kwa basi, akiwa amevaa fulana ya kampeni.

Wenzetu wa Stellenbosch, Afrika Kusini, walianzisha njia yao ya divai mwaka 1971. Wenye mashamba wachache walikubaliana kufungua milango, wakaweka vibao barabarani, wakamruhusu mpita njia aonje na kununua kwa mkulima mwenyewe. Leo mtu hupanga ziara kama hiyo kwa dakika chache. Hata hivyo nisieleweke kuwa nataka tuige kila kitu. Mashamba yale yale ya Rasi kwa vizazi vingi yaliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa divai, na madhara ya desturi hiyo yamewaandama watoto wao hadi leo. Ninachokitamani ni mlango ulio wazi, na nyuma ya mlango huo awepo mtu anayemiliki anachokiuza.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na si kwenye sikukuu yangu ya ndoa. Zabibu ya divai haisubiri. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi akishavuna ana siku chache tu. Matangi ya viwanda yakijaa, au mnunuzi akiamua kushusha bei, hana pa kukimbilia. Wapo waliojifunza kukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, lakini hata huo unamngoja mnunuzi yule yule. Tumeshuhudia msimu baada ya msimu malalamiko ya zabibu kuozea shambani, huku katika hafla nilizoalikwa jijini humo humo chupa zilizopangwa mezani zikitoka ng'ambo. Serikali imejitahidi upande wa kodi: divai ya zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo wa bidhaa kuliko ya zabibu za nje. Ni hatua njema, lakini inamnufaisha kwanza mwenye kiwanda. Mkulima mwenye ekari mbili angenufaika zaidi kama watu kumi kutoka mjini wangeketi chini ya mwembe wake kila Jumamosi, wakanywa, wakala kuku wa kienyeji, wakaondoka na chupa mbili kila mmoja. Leo akijaribu kufanya hivyo kihalali atahitaji leseni na vibali ambavyo viliandikwa kwa kumfikiria mwenye kiwanda au mwenye baa, na yeye si huyu wala yule.

Nilipofika hapo katika kumlalamikia mke wangu, alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo limebadili safari yetu. "Baba Neema, hii divai unayoililia imekusomesha nani?"

Mke wangu ni mtoto wa Kibosho. Mama mkwe alipika mbege. Kila wiki ndizi mbivu zilichemshwa kwa saa nyingi, zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na uchungu wa gamba la msesewa. Kwa pombe hiyo alilipa ada za watoto watano, wawili kati yao wakafika chuo kikuu. Mara mbili mapipa yake yalimwagwa na mgambo kwa kosa la kuuza nje ya saa. Mama Neema anakumbuka harufu ya mbege ikitiririka uani, na mama yake akiwa amesimama mlangoni bila kusema neno, akihesabu ada ya muhula.

Historia ya jambo hili ni ndefu. Wakoloni walikitenga "kileo cha wenyeji" na kile cha Wazungu, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa. Ubaguzi wa mnywaji ulifutwa, lakini wa kinywaji tulipojitawala tukaubakiza: Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 bado inazitenga pombe za kienyeji, na utekelezaji wake, kwa niliyoyaona, humkuta zaidi mwanamke mwenye sufuria kuliko bwana mwenye kaunta. Kinachokera ni kwamba wageni kutoka Ulaya hupandishwa kila siku hadi vijiji vya Marangu na Materuni, wakaoneshwa kahawa na kuonjeshwa mbege, na hapo inaitwa utamaduni. Akiinywa mkazi wa kijiji hicho hicho asubuhi hiyo hiyo, inaitwa uzururaji.

Na mbege ina sifa moja ambayo waandaaji wa sera wangepaswa kuipenda: haisafiri. Ikikaa kidogo inachachuka. Huwezi kuifungia kwenye katoni ukaipeleka Kariakoo; anayeitaka lazima apande mlima aifuate. Sijui ni bidhaa gani nyingine inayomdai mgeni kwa namna hiyo. Ni vivyo hivyo kwa ulanzi wa Iringa na Njombe wakati wa mvua, mianzi inapogemwa. Tunavyo vinywaji vinavyomwita mtu nyumbani kwa mtengenezaji, nasi tumewawekea watengenezaji wake mgambo.

Najua wapo watakaosema kuwa mhadhiri anahimiza ulevi. Ulevi ninaufahamu, nimezika ndugu. Lakini mtu anayeketi na mkewe mbele ya aliyekipika kinywaji, akiulizwa ametoka wapi na amekula nini, hanywi kama anayebugia peke yake kwenye kona ya giza.

Mwishowe tumepanga hivi. Ijumaa jioni tunapanda treni. Jumamosi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa halmashauri na ana ekari mbili za mizabibu, atatupokea Hombolo, shambani kwake, pasipo kibao wala bei. Desemba tutapanda Kibosho. Mama mkwe ameacha kupika, lakini amesema kwa ajili yetu atawasha moto mara moja.

Kiwanda cha tatu bado tunakitaka. Rasimu ya barua nimeiandika. Kwenye "Yah" niliweka ombi la ziara ya mafunzo. Mama Neema akaichukua kalamu, akakata, akaandika juu yake: kuja kunywa divai na mke wangu. Sijaamua bado kama niipeleke hivyo kwa Mkuu wa Idara aigonge muhuri.